Kutoka Holdemu hadi Omaha ya Kugawana: Kwa Nini Nusu ya Fungu Mara Nyingi Si Ushindi

Kuna ubishi unaojirudia miongoni mwa vijana wa Dodoma wanaocheza poka, iwe ni kwenye simu wakati wa kusubiri daladala au kwa karata halisi jioni, kwenye mabweni ya vyuo na vibaraza vya Makole na Area C. Ubishi huo huanza pale mtu aliyezoea Holdemu, aina ya poka inayojulikana zaidi, anapokaa kwenye meza ya aina nyingine iitwayo Omaha ya kugawana, akapewa karata nne badala ya mbili, na baada ya michezo michache akaanza kudai kwamba programu ina hitilafu au kwamba mgawaji anapendelea. Ana ree ya kopa, mezani zimelala kopa nne, na bado anaambiwa hana flashi, yaani karata tano za alama moja. Amelipwa mara tatu mfululizo, lakini sarafu zake zimepungua. Jirani yake ameshika karata ndogo ambazo kwenye Holdemu angezitupa bila kufikiri mara mbili, naye amechukua nusu ya fungu.

Hakuna hitilafu wala upendeleo. Kanuni mpya ambazo mchezaji wa Holdemu anapaswa kujifunza ni chache mno, ila zinabadilisha thamani ya karibu kila karata anayoishika. Nimeandika makala haya kwa sababu naona watu wakilaumu bahati kwa hasara ambazo chanzo chake ni kucheza mchezo mmoja kwa mazoea ya mchezo mwingine, na hasara za namna hiyo zinaweza kuepukwa na yeyote aliye tayari kufuatilia hesabu ndogo ya kujumlisha na kugawanya.

Tuanze na maneno. Poka huchezwa kwa karata 52 zenye alama nne: kopa, uru, shupaza na maua. Karata ya juu kabisa ni ree, ambayo wengi huiita esi, ikifuatiwa na mfalme, malkia, jeki, 10, na kuendelea kushuka hadi 2. Lakini ree inaweza pia kuhesabiwa kama 1, na sifa hiyo ndiyo inayoubeba mchezo tunaouzungumzia. Mkono ni karata tano zinazohesabiwa mwishoni, hata kama mchezaji alikuwa na karata nyingi zaidi za kuchagua. Dau ni kile anachoweka mchezaji katika zamu yake, ambacho wengine wanaweza kukifuata, kukipandisha au kukikataa kwa kutupa karata zao. Fungu ni jumla ya madau yote yaliyokusanyika katikati ya meza.

Mikono ya juu hupangwa kutoka dhaifu kwenda imara kwa utaratibu huu: karata kubwa tupu, jozi, jozi mbili, tatu za namba moja, mfululizo wa karata tano, flashi yaani tano za alama moja, fulu yaani tatu za namba moja pamoja na jozi, nne za namba moja, na juu ya yote mfululizo wa alama moja. Mpangilio huu haubadiliki hata kidogo unapohamia Omaha, na mchezaji wa Holdemu anaweza kuubeba kama ulivyo.

Kwenye Holdemu kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa mezani kwa ajili ya wote: tatu kwa pamoja, halafu ya nne, halafu ya tano, huku kila hatua ikiwa na raundi yake ya madau. Mwishoni mchezaji huchagua tano bora kati ya saba anazoweza kuzitumia, kwa namna yoyote anayotaka: mbili za mkononi na tatu za mezani, moja na nne, au hata zote tano za mezani. Mchezo huu unahesabiwa kuwa ulizaliwa Robstown, mji mdogo wa jimbo la Texas, jambo ambalo bunge la jimbo hilo lililitambua rasmi mwaka 2007. Umaarufu wake wa kimataifa uliongezeka sana kuanzia mwaka 2003, pale mhasibu wa Tennessee aitwaye Chris Moneymaker, aliyefuzu kupitia shindano dogo la mtandaoni, aliposhinda mashindano ya dunia ya poka mjini Las Vegas na kupata dola milioni 2.5. Tangu hapo Holdemu ndiyo imekuwa mlango ambao watu wengi huingilia, na ndiyo maana wengi wetu tunaichukulia kana kwamba ndiyo poka yenyewe.

Mbili za mkononi, tatu za mezani

Omaha ina jina la mji wa Nebraska, lakini ilianza kuvuma kwenye kumbi za Las Vegas mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mpangilio wa meza ni uleule wa Holdemu: karata tano za wote, zikifunuliwa tatu, moja, moja. Tofauti ni kwamba kila mchezaji hupewa karata nne za siri, na mkono wake wa mwisho lazima uundwe kwa karata mbili kamili kutoka mkononi na tatu kamili kutoka mezani. Si moja na nne, wala tatu na mbili. Sharti hili halina msamaha, na ndilo linalozaa sehemu kubwa ya ubishi nilioutaja.

Chukua mfano wa mchezaji wetu mwenye ree ya kopa. Tuseme mkononi ana ree ya kopa, mfalme wa shupaza, 9 ya maua na 4 ya uru, na mezani kuna 2, 6, 10 na jeki, zote za kopa, pamoja na 8 ya shupaza. Kwenye Holdemu, mtu mwenye ree hiyo angekuwa na flashi kubwa kuliko zote. Kwenye Omaha hana flashi kabisa, kwa sababu analazimika kutoa karata mbili mkononi naye ana kopa moja tu. Mkono wake wa juu ni ree na mfalme tupu, bila hata jozi, na mchezaji mwenye kopa mbili ndogo kama 3 na 5 anamshinda bila shida.

Sharti hilohilo huwachanganya watu zaidi mezani panapotokea karata zinazofanana. Fikiria meza yenye jeki tatu na 5 mbili. Kwenye Holdemu kila aliyebaki ana fulu, kwani fulu imekwisha kulala mezani. Kwenye Omaha, mtu mwenye ree, mfalme, 9 na 5 mkononi hana fulu. Anachukua jeki tatu za mezani, anaongeza ree na mfalme, na kuishia na tatu za namba moja. Hata ile 5 yake haimsaidii, kwa sababu akiitumia pamoja na 5 moja ya mezani anabakiwa na nafasi ya jeki mbili tu. Mwenye jozi ya 2 mkononi, karata ambazo wengi wangezidharau, ndiye mwenye fulu halisi, na anamshinda yule mwenye ree na mfalme. Ningemshauri kila anayeanza aiweke mifano hii miwili mezani kwa karata halisi, aitazame hadi mkono wake wenyewe uzoee kuchukua mbili na kuacha mbili, kwa maana macho yaliyofunzwa na Holdemu huendelea kuona mikono ambayo haipo.

Kuna pia karata ambazo huonekana kuwa zawadi kumbe ni mzigo. Mtu aliyegawiwa ree zote nne ana jozi moja ya ree, basi, na hakuna ree nyingine iliyobaki ya kumwongezea ya tatu. Mwenye kopa nne mkononi amejipunguzia mwenyewe nafasi ya flashi, kwani kopa mbili asizoweza kuzitumia ni kopa ambazo hazitakuja mezani.

Hapo ndipo tunapokutana na dhana potofu iliyoenea kuliko zote, kwamba karata nne ni bahati mara mbili. Ukihesabu namna ya kuchukua mbili kati ya nne, utapata michanganyiko sita, maana yake unashika jozi sita za kuchezea badala ya moja. Idadi ya mikono inayowezekana kugawiwa hupanda kutoka 1,326 kwenye Holdemu hadi 270,725 kwenye Omaha. Hata hivyo, kila aliyeketi nawe naye ana sita zake. Ukicheza na watu watano, umezungukwa na michanganyiko 30, na uwezekano kwamba mmoja kati yao ameshika kile hasa ambacho meza inakitaka ni mkubwa sana. Jozi ya ree hutokea mara moja katika kila mikono 221 kwenye Holdemu. Kwenye Omaha watu huzipata ree mbili takriban mara moja katika kila mikono 40, na kwa sababu hiyohiyo zina uzito mdogo zaidi. Jozi mbili, ambazo kwenye Holdemu humpa mtu ujasiri wa kupandisha dau, kwenye Omaha ni mkono wa kuutilia shaka mpaka mwisho. Swali la kujiuliza hubadilika: badala ya kuuliza kama mkono wako ni mzuri, unauliza ni mkono upi usioshindika kwenye meza hii, na kama wewe ndiye uliye nao.

Nusu ya chini

Sasa tuongeze sehemu ya pili. Katika Omaha ya kugawana, fungu hukatwa nusu kwa nusu: nusu moja ni ya mkono bora wa juu, na nusu ya pili ni ya mkono bora wa chini. Mkono wa chini ni karata tano za namba tofauti, zote zikiwa 8 au pungufu, huku ree ikihesabiwa kama 1. Asipopatikana mtu yeyote mwenye mkono wa namna hiyo, fungu halikatwi; mwenye mkono wa juu hulichukua lote. Kwa hiyo si kweli, kama wengine wanavyoambiana, kwamba kila mchezo lazima uwe na washindi wawili.

Kwa kuwa lazima utumie karata tatu za mezani, mkono wa chini hauwezi kuwepo mpaka mezani pawe na karata tatu za namba tofauti zisizozidi 8. Meza yenye 10, malkia, 9, 3 na 6 haina nusu ya chini hata ukiwa umeshika ree na 2. Meza yenye 4, 4, 7, 7 na jeki nayo haina, kwa sababu namba ndogo zilizopo ni mbili tu. Ukipiga hesabu ya meza zote za karata tano zinazowezekana, takriban asilimia 60 zina namba ndogo tatu tofauti, na asilimia 40 zilizobaki humwachia mwenye mkono wa juu fungu zima. Nitalirudia jambo hili chini kidogo, kwa sababu lina uzito katika kuchagua karata za kuanza nazo.

Mikono miwili ya chini inapokutana, wengi hukosea namna ya kuilinganisha. Wanatazama nani ana ree, na kumpa ushindi. Njia sahihi ni kuanzia karata kubwa kushuka. Panga karata tano kutoka kubwa hadi ndogo, zisome kama tarakimu moja, na mwenye tarakimu ndogo ndiye mshindi. Mtu mwenye 7, 5, 4, 3, 2 anasomeka 75,432. Mwenye 7, 6, 3, 2 na ree anasomeka 76,321. Wa kwanza ameshinda, ijapokuwa hana ree. Mkono bora kabisa wa chini ni 54,321, na ulio dhaifu kabisa unaokubalika ni 87,654. Mfululizo na flashi haviharibu mkono wa chini kwa namna yoyote, na mwenye 5, 4, 3, 2 na ree ana mkono wa chini usioshindika na wakati huohuo ana mfululizo wa kushindania juu. Kinachoharibu ni namba kujirudia.

Jambo jingine linalopaswa kueleweka mapema ni kwamba karata mbili unazotumia juu si lazima ziwe ndizo unazotumia chini. Unaunda mikono miwili inayojitegemea, kila mmoja ukitii sharti la mbili na tatu. Tuseme umeshika ree na mfalme wa kopa, 2 ya shupaza na 5 ya uru, na mezani kuna 3, 7 na 10 za kopa, 8 ya maua na malkia wa shupaza. Kwa juu unachukua ree na mfalme na kupata flashi isiyoshindika. Kwa chini unachukua ree na 2, unaongeza 3, 7 na 8 za mezani, na kupata 87,321, ambayo ndiyo ndogo kuliko zote kwenye meza hiyo. Ree moja imefanya kazi pande zote mbili, na kama hakuna mwingine aliyeshika ree na 2, umekomba fungu lote.

Na sasa tunaweza kumrudia kwa haki yule mwenye ree ya kopa na meza ya kopa nne. Alipokuwa akibishania flashi asiyokuwa nayo, hakuona kwamba meza ile ilikuwa na 2, 6 na 8, na kwamba ree na 4 zake zilimpa mkono wa chini wa 86,421, mkono ambao ungeshindwa na mwenye ree na 3 peke yake. Watu wanaotoka Holdemu hufanya kosa hili kila siku: wanatupa karata zinazowadai nusu ya fungu kwa sababu wametazama upande mmoja tu.

Hesabu ya fungu

Nafika kwenye sehemu ninayoiona kuwa ndiyo kiini cha mchezo huu. Mchezaji mpya akishajua kusoma mkono wa chini, hupata furaha ya kulipwa mara kwa mara, na furaha hiyo humficha hasara. Hebu tufuate sarafu zenyewe. Mmebaki wawili, kila mmoja ameweka sarafu 12,000, na fungu ni 24,000. Mwenzako anachukua juu, wewe unachukua chini. Umepokea 12,000, yaani zilezile ulizoweka. Meza imekutangaza mshindi, lakini hujaongeza hata sarafu moja. Nusu ya fungu mbele ya mpinzani mmoja ni fedha yako mwenyewe iliyorudi.

Hali huwa mbaya zaidi nusu yenyewe inapogawanywa. Ree na 2 ndizo karata ambazo kila mtu hufundishwa kuzitafuta, kwa hiyo mara nyingi watu wawili huwa nazo kwa pamoja, na mikono yao ya chini ikilingana, ile nusu hukatwa tena, kila mmoja akapata robo. Anayeshangaa jinsi mtu anavyoweza kushinda na kupungukiwa kwa wakati mmoja afikirie watu watatu waliokwenda mnadani Msalato, kila mmoja akachanga shilingi 40,000 wakanunua mbuzi wa 120,000, kisha mmoja wao akachukua nusu ya nyama na kuwaachia wawili nusu iliyobaki wagawane. Kila mmoja wa hao wawili amelipa theluthi ya mbuzi na kubeba robo yake. Amekwenda nyumbani na nyama, ni kweli, lakini amelipia nyama ya mwenzake. Kwenye meza ya watu watatu walioweka 12,000 kila mmoja, fungu ni 36,000. Wa juu huchukua 18,000, na ninyi wawili wa chini mnapata 9,000 kila mmoja. Kila aliyepandisha dau akiwa na ree na 2 tupu amejiongezea hasara kwa mkono wake mwenyewe.

Idadi ya wachezaji ndiyo inayoamua. Mkiwa wanne, robo inakurudishia ulichoweka. Mkiwa watano au zaidi, robo huanza kuleta faida ndogo. Mkiwa wawili na mmelingana chini huku mwenzako ana mkono bora wa juu, wewe unapata 6,000 kati ya 24,000 naye anaondoka na 18,000, na huyo mwenzako alikuwa akipandisha dau bila hofu yoyote, maana alijua kuwa kwa chini hawezi kupungukiwa na kwa juu anaweza kuongeza. Wachezaji wazoefu wanaitafuta nafasi ya namna hiyo kwa subira kubwa. Ndiyo sababu swali la kwanza kabla ya kufuata dau kubwa si kama unaweza kupata nusu, bali kama karata zako zina njia yoyote ya kulikomba fungu zima, au angalau kupata robo tatu.

Karata za kuanzia

Kutokana na hesabu hiyo, karata nne nzuri ni zile zinazofanya kazi pande zote mbili kwa pamoja. Mkono unaosifiwa kuliko yote ni ree mbili, 2 na 3, huku kila ree ikiwa na mwenzake wa alama yake, kwa sababu una jozi kubwa, una njia mbili za flashi kubwa, na una mkono bora wa chini wenye akiba. Ree mbili zilizoambatana na 9 na jeki za alama tofauti ni mkono wa kawaida tu, ingawa mtu wa Holdemu akiziona ree mbili moyo humdunda.

Ile akiba niliyoitaja inastahili maelezo. Tuseme umeshika ree, 2, mfalme na jeki, na karata tatu za kwanza mezani ni 4, 6 na 7. Una 76,421, mkono wa chini usioshindika kwa wakati huo. Karata ya nne inakuja: ni 2. Mkono wako haujabadilika, bado ni 76,421, lakini meza imebadilika. Mwenye ree na 3 sasa ana 64,321. Mwenye ree na 5 ana 65,421. Hata mwenye 3 na 5 ana 65,432. Wote hao walikuwa nyuma yako dakika moja iliyopita, na sasa wote wamekupita. Kama katika nafasi ya jeki ungekuwa na 3, ungeitumia hiyo pamoja na ree na kubaki juu ya wote. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba ree na 2 hazishindwi, mwonyeshe meza hii. Na hata meza isipokugeuka, kumbuka kwamba mkono wa chini ni lazima ukamilike kwanza: ukiwa na ree na 2 pamoja na karata mbili kubwa, na kati ya tatu za kwanza mezani mbili ni ndogo zisizofanana na zako, una takriban asilimia 59 za kuukamilisha; ikiwa ndogo ni moja tu, nafasi hiyo huanguka hadi karibu asilimia 16, na kufuata madau kwa tumaini hilo ni gharama tupu.

Karata za katikati, mathalani 6, 7, 8 na 9, ndizo mtego mkubwa zaidi kwa anayetoka Holdemu, kwa kuwa zinaonekana zimeshikana vizuri. Mifululizo yake mingi huhitaji mezani pawe na 4 na 5 au ndogo nyinginezo, na ndogo hizo ndizo zinazofungua nusu ya chini kwa mtu mwingine, ilhali 7 na 6 zako zikigeuzwa kuwa mkono wa chini hushindwa na karibu kila mwenye ree. Zikija karata kubwa kama 10, jeki na malkia, mfululizo wako unaoishia kwa malkia uko chini ya mwenye mfalme na 9, na chini zaidi ya mwenye ree na mfalme. Kinyume chake, mfalme, malkia, jeki na 10 ni karata zinazofaa, hasa zikiwa na alama mbilimbili, kwa sababu zinashinda zaidi katika zile meza ambazo hazina nusu ya chini, na mshindi wake huchukua kila kitu. Mezani zikitangulia ndogo tatu, utazitupa bila kusitasita na hutakuwa umepoteza zaidi ya dau la mwanzo.

Kuhusu madau nitasema machache. Omaha ya kugawana huchezwa mara nyingi kwa kiwango maalumu au kwa kikomo kisichozidi ukubwa wa fungu, tofauti na Holdemu ambayo wengi wameizoea bila kikomo. Kumtisha mwenzako kwa dau kubwa hakufui dafu sana hapa, kwa kuwa lazima umtishe mwenye juu na mwenye chini kwa pamoja, na mwenye mkono wa chini usioshindika hana sababu ya kukimbia. Anayejifunza na ajifunze kwa sarafu za mchezo zisizobadilishwa kuwa fedha. Fedha halisi zikiingia mezani, jambo hilo linasimamiwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, ambayo ndiyo inayotoa leseni, na walio chini ya umri wa miaka 18 hawaruhusiwi kucheza.

Limebaki suala la mwisho wa mchezo, ambalo ndilo huleta maneno kwa wanaocheza na karata halisi. Kila aliyebaki anapaswa kulaza karata zake zote nne wazi, si mbili anazodhani zinamfaa, kwa kuwa kanuni inayofuatwa ni kwamba karata ndizo zinazosema. Mtu akitaja mkono mdogo kuliko alio nao, anapewa haki ya mkono ulioko mezani, na akitaja mkubwa ambao haupo, hapewi. Someni kwanza mkono wa juu mpaka mkubaliane, fungu likatwe nusu, kisha ndipo msome wa chini, maana kusoma pande zote mbili kwa pamoja ndiko kunakowafanya watu wachanganye karata tatu za mkononi bila kujua. Na ikiwa fungu halikatiki sawasawa, ile sarafu moja inayozidi huwekwa upande wa mkono wa juu.